Kamshafti ya Nundu Ndefu

Mtaa wa vipuri haukuwa na saa ya kupumzika. Mikokoteni ilipita na mabampa, madalali walivuta wateja kwa mikono, na mafundi wenye ovaroli zilizoganda oili walibishana juu ya bei kana kwamba wanagombea urithi. Katikati ya vurumai hiyo palikuwa na duka jembamba la mama mjane, na nyuma ya kaunta alikaa binti wa marehemu kaka yake. Mtaa mzima ulimwita Kipimo, kwa sababu hakuwahi kumuuzia mtu kitu kabla ya kumhoji kama polisi.

Siku hiyo alivaa gauni la kijani na kilemba cha rangi hiyohiyo, amependeza kuliko duka lenyewe. Mwanaume mmoja akapenya kwenye kundi la wateja. Shati lake jeupe lilikuwa limekunjwa hadi kwenye viwiko, bisibisi ndogo mfukoni. Alikuwa fundi umeme wa majengo, na rafiki zake walimwita Umeme, kwa kazi yake na kwa mguu wake mzito juu ya pedali ya mafuta.

"Nipe kamshafti kubwa kuliko zote mlizo nazo," alisema.

Kipimo hakuinuka. "Kubwa ya nini?"

"Ya kushinda."

"Kushinda nani? Wenzako uwanjani, au wenzako kwenye foleni?"

Wateja wakacheka. Umeme naye akacheka, akaegemea kaunta, akasahau haraka aliyokuja nayo. Basi Kipimo akamweleza kama alivyofundishwa na baba yake, kwamba kamshafti ndiyo inayoipa injini pumzi. Nundu zake ndizo zinazosukuma valvu, milango ya hewa ya injini; zikiwa ndefu, valvu hufunguka sana, na gari likishika kasi huvuta hewa kama mwogeleaji aliyeibuka majini. Lakini likienda polepole litakohoa, na kwenye taa za barabarani litatetemeka kama mgonjwa wa homa. Akamuuliza gari analitumia wapi. Umeme akakiri kwamba siku za kazi hubebea nyaya na ngazi, na Jumapili ndiyo hulipeleka mashindanoni, kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje ya mji.

"Basi chukua hii ya wastani," Kipimo akasema, akaiweka juu ya kaunta. "Mtu hanunui viatu vya mwenzake."

Aliichukua. Baada ya siku chache alirudi kusema gari linakwenda vizuri sana. Kisha akarudi kuulizia plagi ambazo hakuzihitaji. Kisha akaacha hata kutafuta kisingizio, akawa anakuja tu na maji baridi na maneno matamu, hadi shangazi mtu akamwambia kama anataka kuhamia dukani alete na kitanda.

Mapenzi yao yalishika haraka. Walikula pamoja mchana kwenye ngazi za nyuma ya duka, na jioni simu haikupoa. Umeme alimwita "wastani wangu", naye Kipimo alimwita "mgonjwa wa homa". Siku ya mashindano alisimama kando ya uwanja na miwani ya jua na viatu vyeupe, akijifanya hajali, na gari jekundu la Umeme likipita roho ilimpaa. Umeme alikuwa akimaliza wa tatu, wa nne, si zaidi ya hapo. Alisema inatosha. Kipimo alimwamini, lakini alimwona pia anavyowatazama walioshinda.

Kuna alasiri moja Umeme alimpigia simu akiwa gereji, wakazungumza, wakaagana. Simu akaitia mfukoni bila kuikata. Kipimo alitaka kumwita amtanie, ndipo akasikia sauti ya rafiki yake, yule waliyempa jina la Redio, ikimuuliza kama kweli ana nia ya kumwoa yule muuza vipuri.

Umeme akacheka. "Nimwoe wa nini? Injini ikishakamilika, kila mtu na njia yake."

Watu wa gereji wakaangua kicheko. Kipimo akakata simu. Alibaki amesimama na kitambaa cha kufutia kaunta mkononi, na mteja aliyekuwa mbele yake ikabidi aombe mkanda wa feni mara mbili.

Hakumuuliza Umeme chochote. Shangazi yake alimwona amenyong'onyea, akamsihi aseme. Alipoambiwa, alimshauri amwite mwanaume amuulize ana kwa ana, kwa kuwa neno la kusikia ukutani halina mwenyewe. Kipimo akajibu kwamba hilo halikuwa na ukuta, amelisikia kwa mdomo wa mwenyewe.

Wiki hiyohiyo Umeme akaja dukani anang'aa. Fainali za msimu zilikuwa zinakaribia, na safari hii alitaka kamshafti ya nundu ndefu, ile aliyoiomba siku ya kwanza. Alisema anataka ushindi mara moja tu katika maisha yake, halafu atatulia, na alipokuwa akisema hivyo alimtazama Kipimo kwa namna ya ajabu. Kwa macho ya Kipimo, hilo jicho lilikuwa la mtu anayehesabu siku zilizobaki kabla ya kumwacha mwenzake.

Akaileta kamshafti, akaifuta grisi polepole. Kila mteja wa nundu ndefu alikuwa akipewa onyo lilelile pale kaunta: badilisha springi za valvu, uweke ngumu. Springi za zamani ni laini. Gari likienda taratibu hutaona kitu, lakini likifika kasi ya juu kabisa hazitawahi kuzirudisha valvu, na pistoni itapanda na kuzikuta bado ziko wazi. Injini hufa hapohapo. Kipimo alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi hata shangazi yake aliyajua kwa moyo.

"Springi ninazo zile za zamani," Umeme akasema. "Zitatosha?"

Shangazi alikuwa ndani ya stoo. Kipimo akamwangalia mwanaume usoni, akaona tabasamu alilolipenda, akasikia kicheko cha gereji.

"Zitatosha," akasema.

Umeme akambusu mkono mbele za watu, akaondoka. Kipimo alimtazama hadi akapotea kati ya mikokoteni. Angeweza kumpigia simu jioni ile. Angeweza kesho yake. Umeme mwenyewe alipiga kila siku, akamweleza jinsi fundi wake alivyosita, akiuliza habari za springi, na jinsi yeye alivyomjibu kwamba mpenzi wake kasema zitatosha. Fundi akasema basi, akisema Kipimo yameisha. Kipimo alisikiliza yote hayo, akamtakia usingizi mwema.

Siku ya fainali alivaa gauni la njano, akajipaka wanja, akaenda. Alitaka kuona kwa macho yake. Uwanja ulijaa, harufu ya mipira iliyoungua imetanda, na gari jekundu kwenye mstari likitetemeka sana. Liliondoka kama limetukanwa. Likawapita wote. Watu wakasimama, na kwa kitambo kidogo Kipimo alijikuta naye amesimama, amesahau alichofanya. Kisha ukaja mlio kama sahani zinazovunjwa ndani ya pipa. Moshi mweupe, oili ikamwagika chini ya magurudumu, gari likazunguka, likajigonga kwenye matairi ya pembeni na kunyamaza.

Umeme alitoka mwenyewe, mkono mmoja ameukumbatia kifuani. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika.

Kabla Kipimo hajajua aende au akimbie, dada mkubwa wa Umeme alimfikia, analia, kijiboksi cha kitambaa cha buluu mkononi. Redio alikuwa nyuma yake, uso umemshuka.

"Wifi, pole," dada akasema. "Alitaka akuvishe pale mwisho wa uwanja. Alisema akishinda ndipo atapata ujasiri. Nimekaa na pete hii karibu mwezi."

Redio akaongeza kwamba hata yeye alifichwa. Alipouliza gereji, Umeme alimdanganya kwamba hana mpango wa kuoa, maana alijua akiambiwa yeye, mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. "Na kweli ningesema," Redio akakiri.

Kipimo aliitikia kwa kichwa.

Umeme hakumlaumu mtu. Alikuja dukani na mkono umefungwa plasta, mbele ya shangazi na wateja, akatoa kile kijiboksi kwa mkono mmoja na kushindwa kukifungua, ikabidi Kipimo amsaidie. "Gari limekufa," alisema, "mimi sijafa. Utanichukua bila ushindi?" Wateja walipiga makofi. Kipimo alilia, na kila mtu alidhani ni furaha. Alikubali. Alijiambia kwamba atampenda hadi deni lile life lenyewe, na kwamba kuna mambo mtu huzikwa nayo.

Lakini injini ilikuwa bado haijazikwa. Fundi aliifungua. Aliziona valvu zilizopinda na vichwa vya pistoni vilivyotobolewa, akamwita Umeme, akamwambia kwamba hii ni kazi ya springi, na kwamba hakuna mtu wa mtaa wa vipuri asiyelijua hilo, seuze yule binti anayewaonya hata wasionunua.

Jioni hiyo Umeme alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mpenzi, nina swali moja. Nikisikia jibu nitaridhika, vyovyote litakavyokuwa. Zile springi, ulijua?"

Kipimo alikuwa amekaa kitandani, pete kidoleni. Ukweli ulimfika kooni. Akafikiria gereji, kicheko, kijiboksi, mkono wa plasta.

"Sikujua," akasema. "Ningekuachaje, kama ningejua?"

"Sawa," Umeme akasema. "Nilitaka kusikia tu." Kisha akamkumbusha kwamba Jumamosi wazee wake watakuja kuzungumza na wazee wa Kipimo, akamwomba avae lile gauni la kijani la siku ya kwanza.

Jumamosi ilifika. Sebule ya shangazi ilipangwa viti vya kuazima, mapazia yakafuliwa, mashangazi na wajomba wakaja na nguo zao za heshima. Gauni la kijani lilipigwa pasi mara mbili. Muda wa wageni ukafika, ukapita. Mjomba akatania kwamba bwana harusi gari lake limekufa, labda wanakuja kwa miguu. Wote wakacheka. Vinywaji vikaanza kupoteza ubaridi.

Simu ya Kipimo ikaita. Akaenda nayo ukumbini, akaupa ukuta uso wake.

"Umevaa la kijani?" Umeme akauliza.

"Nimevaa. Uko wapi, mpenzi? Wazee wanasubiri. Mnakuja?"

Nyuma ya sauti yake palisikika nyundo ikigonga chuma, na sauti ya fundi akiomba spana. Kipimo alizijua sauti za gereji ile kama za nyumbani kwao.

"Tuko njiani," Umeme akasema taratibu, kwa utamu uleule wa zamani. "Wasubirini."

Akakata. Kipimo alibaki na simu sikioni hata baada ya mlio kwisha. Shangazi yake akachungulia mlangoni, jasho la jikoni usoni, akamuuliza kasemaje.

"Kasema wako njiani."

"Alhamdulillahi," shangazi akasema, akageuka kuwaambia wengine waongeze viti.

Kipimo akarudi sebuleni. Akanyoosha gauni, akaketi mahali alipotengewa, akautazama mlango pamoja na wengine, yeye peke yake akijua hakuna atakayeingia.