Mahali pa Lavinia

Kwanza ilikuwa picha moja tu. Siale, miezi saba, amekaa juu ya mkeka anacheka, na kwenye jicho la kushoto umepita mstari wa kijivu, kama majivu yaliyopakwa kwa kidole. Fusi, mama yake, akafuta kioo cha kompyuta kwa upindo wa gauni. Mstari haukutoka.

Mumewe, Semisi, ndiye mpiga picha wa harusi na mazishi hapa kijijini kwetu, kisiwani Vava'u, na mashine yake ya kompyuta inatumia Linux, haifichi kitu, ukiiuliza inakuandikia. Iliandika kwamba diski ina sekta, vile visehemu vya kuhifadhia, zisizosomeka. Semisi akabadilisha kebo, zikawa zilezile. Akaichomeka kwenye tundu jingine, zilezile. Akaiuliza sekta hizo zimebeba nini, na zote, nakwambia zote, zilikuwa picha za Siale.

"Na Lavinia ameliwa kabisa," akasema polepole. "Hata picha moja haijabaki."

Lavinia alikuwa mke wake wa kwanza, amekufa mwaka wa nne sasa. Alikuwa fundi wa kuponda magome ya nguo za ngatu, anagonga mara mbili, anapumzika, anagonga ya tatu, kijiji kizima kiliujua mdundo wake. Na diski haikumla. Fusi ndiye aliyezifuta zile picha, Semisi akiwa mazoezi ya kwaya, kwa sababu alishamkuta mara nyingi mno akizitazama kwa tabasamu ambalo yeye hajawahi kupewa, kwa wivu akabonyeza, basi.

Semisi, bila kumshuku, akamweleza kwamba faili likifutwa mahali pake hapabaki patupu, hupewa lijalo. Fusi akaingiwa na baridi. Kumbe mwanawe alikuwa amelazwa palepale alipofutwa Lavinia.

Jumamosi jicho la kushoto la Siale likavimba, likafumba. Semisi alikuwa ameanzisha ukaguzi wa diski nzima, ukachukua saa nyingi ukaingia Jumapili, siku ambayo huku hata kuanika nguo ni aibu, na mchana, watu wote wamekula vya tanuri wamelala, Fusi akasikia ko-ko, kimya, ko, ndani ya mashine, na harufu ya mafuta ya heilala, yale tunayompaka maiti, ikajaa chumba kizima, ikamwingia mpaka kwenye nywele, na mtoto mapajani akageuza uso kuielekea mashine kama mtu aliyeitwa jina.

Akaitwa Manusiu, shangazi yake Semisi, ambaye neno lake nyumba ile halipingwi. Akasema ni mifupa ya Lavinia, upo mzizi umemchoma marehemu na maumivu yake yanamrudia mtoto, kaburi lifunguliwe kama ifanywavyo huku siku zote mtu akiugua hivi. Kabla ya kuchimba akamuuliza Fusi kama kuna mtu amemchokoza Lavinia. Fusi akasema hapana.

Walipofukua, mzizi wa mvinje ulikuwa umepita tundu la jicho la kushoto la fuvu. Shangazi akauchomoa, akalipaka fuvu mafuta, akilikaripia.

"Lala sasa, wewe. Mume umeshamwacha, mtoto wa mwenzio unamtakia nini?"

Siku ya tatu jicho likafunguka. Semisi akanunua diski mpya, akahamishia picha zote, akaipima, hitilafu sifuri. Akacheka akasema Lavinia ndivyo alivyokuwa, ukimpaka mafuta ananyamaza. Fusi naye akacheka, huku moyoni anaungua.

Jumapili iliyofuata mashine ilikuwa imezimwa, waya umechomolewa ukutani, Fusi aliuchomoa kwa mkono wake mwenyewe, na bado, mchana uleule, ko-ko, kimya, ko, na ile harufu. Semisi akaamka, akaurudisha waya, akawasha. Sekta hazisomeki. Akafungua picha ya mkekani. Jicho la kushoto safi kabisa, mstari wa kijivu umehamia la kulia, na Siale, mapajani mwa mama yake, akaanza kulisugua jicho la kulia kwa ngumi.

"Nimwite shangazi," Semisi akanong'ona.

"Usimwite." Fusi akamshika mtoto ngumi asijisugue. "Diski haikumla Lavinia, mume wangu. Nilimfuta mimi."

Ndani ya mashine kulikuwa kumegongwa mara mbili, na ile ya tatu haikuja, kama mtu aliyesimamisha mkono hewani ili asikie vizuri.