Majani Yaleyale, Kikapu Kingine

Kitu cha kwanza alichokigundua Celestine ni mkono wa karani. Ukifika kwenye kikapu cha mtu mwingine, mkono ule uligusa majani ya juu tu, kama anayempapasa mtoto kichwani, kisha kikapu kikapelekwa mizanini. Ukifika kwenye kikapu cha mama yake, ulizama hadi kiwiko, ukachimbua chini kabisa, ukatoka na konzi ya majani, na karani akaanza kutafuta kosa.

Mwanzoni alidhani ni bahati mbaya. Basi akautazama mkono ule siku tano mfululizo za likizo ya Agosti. Siku tano haukubadilika.

Kila siku ilikuwa hivyo. Asubuhi, umande ukiwa bado mzito, Celestine na mama yake walichuma chai kwenye robo ekari yao huko Nyacheki: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka vidole vikaingia weusi wa utomvu. Mchana walipanda mlima na vikapu mgongoni kwenda kituo cha majani, kulingoja lori la kiwanda. Mama alitangulia. Celestine alifuata, hatua ishirini nyuma. Mama alipogeuka kumngoja, yeye alisema, "Nenda tu, Mama. Nimechoka."

Mama yake aliitwa Nakiru. Alitoka Turkana akiwa msichana wa miaka kumi na saba, akaja kulea mtoto wa mwalimu. Mwalimu akahamishwa, Nakiru akabaki. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kibarua wa Bibi Orpah, mjane mwenye chai nyingi, na katika miaka hiyo hakuna kikapu hata kimoja alichochuma kilichorudishwa. Yeye na mumewe, askari wa kulinda maduka mjini Kisii, walijinyima kwa muda mrefu wakanunua robo ekari kutoka shamba la bibi huyohuyo. Nakiru akapewa namba ya mkulima. Kuanzia hapo majani yake yakawa mabaya. Michai ilikuwa ileile. Mikono ilikuwa ileile.

Pale kituoni wanawake wengine waliitwa Mama Brandon, Mama Ruth. Yeye aliitwa Mturkana.

"Mturkana, leta," alisema karani Haron siku ya Jumatano. Mkono ukazama. "Magumu haya." Akamwaga kikapu chote kwenye turubai. "Kaa hapo uchambue."

Nakiru akachuchumaa mbele ya foleni nzima, akaanza kuchambua jani moja moja.

"Huko kwao wamezoea kuchuma miiba," alisema kijana mmoja.

"Na ngamia akila hiyo miiba anashukuru," mwenzake akajibu. Watu wakacheka.

Lori lilikuja likaondoka. Majani yaliyobaki yalinyauka, wakayatupa mtaroni.

"Hii ni mara ya pili," Haron alimwambia huku akifunga daftari. "Ya tatu, namba yako inafungwa. Ni sheria ya kituo."

Celestine alijua maana ya maneno hayo. Chai isiyo na namba hainunuliwi. Mama angerudi kuwa kibarua wa kuchuma ya wenyewe, na robo ekari ile ingebaki mapambo.

Jioni, wakiwa jikoni, mama alisema kwa sauti ya chini, "Kesho tutachuma vizuri zaidi."

"Vizuri zaidi kuliko nini?" Celestine aliuliza. Mama alichochea moto, na moto haukuwa na haja ya kuchochewa.

Siku iliyofuata mama alibaki shambani kumalizia mistari miwili, akamtanguliza Celestine na kikapu kilichojaa ili ashike foleni. Njiani Celestine alimkuta Phanice, mjukuu wa Bibi Orpah, ambaye walisoma naye darasa moja. Naye alikuwa amebeba kikapu cha nyanya yake.

"Tubadilishane," Celestine alisema.

"Nini? Vikapu?" Phanice alicheka. "Chenu kimejaa mawe, nakiona kinavyokuvuta mabega."

Celestine hakucheka. Alimweleza habari ya mkono. Phanice alisikiliza, kicheko kikamtoka usoni kidogokidogo.

"Na huko si kudanganya?"

"Namba hatutaifuta. Imeandikwa kwa rangi ubavuni, kila mwenye macho ataiona. Na tutasema kabla ya mizani."

"Magokoro akinichapa je?" Phanice aliuliza, akimwita nyanya yake kwa Kigusii.

"Utachapwa mara moja. Mama yangu anachapwa kila siku."

Phanice aliteremsha kikapu chake.

Kituoni Bibi Orpah alikuwa tayari ameketi kwenye benchi, akiongea na Mzee Ombati, mwenyekiti wa kamati ya kituo. Foleni ilisogea. Zamu ya Phanice ikafika.

"Wa kwa Bibi Orpah," Haron alisema akitabasamu. Aliyagusa majani ya juu, kisha akachota machache akayainua foleni nzima iyaone. "Tazameni. Majani mawili na kichipukizi. Mjifunze kwa wenye chai."

Kikapu kikasogezwa kando ya mizani. Celestine akasonga mbele.

"Na huyu wa Mturkana." Mkono ukazama hadi kiwiko. Ukachimba, ukachimba tena, ukatoka. "Si niliwaambia? Magumu." Haron akakipindua kikapu kwenye turubai, akavuta daftari. "Ya tatu hiyo. Mwambie mama yako namba imefungwa."

Celestine hakuwa mtoto wa maneno. Hata darasani alijibu akiulizwa tu. Sasa hakungoja kuulizwa.

"Karani, hayo uliyoyamwaga ni ya Bibi Orpah."

"Unasema nini wewe?"

"Na yale uliyoyasifu ni ya mama yangu. Soma namba."

Haron hakusoma. Mzee Ombati ndiye aliyeinuka, akakigeuza kikapu kitupu, akasoma. Akaenda kwenye kile kilichokuwa kando ya mizani, akasoma. Namba zilikuwa kama alivyosema Celestine.

"Namba imeandikwa kubwa," Celestine alisema kwa hasira. "Hukuisoma. Ulisoma uso wangu."

Bibi Orpah aliikamata fimbo yake. "Haron. Majani yangu ni magumu? Tangu lini?"

"Hapana, Bibi. Yako... labda ni haya machache ya chini..."

"Nyamaza." Bibi akatazama majani yake yaliyotapakaa. Kisha akautazama mkono wake juu ya fimbo. "Nimekaa benchi hili miezi mitatu nikiyaona haya. Yangu yalipita, nikanyamaza. Leo yamemwagwa yangu ndipo nimepata sauti. Aibu hii ni yangu pia."

Wakati huo Nakiru alikuwa amefika na kikapu kidogo mgongoni. Alisimama nyuma ya watu, akasikia yote. Watu wakamfungulia njia. Hakupiga kelele. Celestine hakuwahi kuisikia sauti ya mama yake ikiwa baridi namna ile.

"Husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mlinipa, nikalipokea. Nimelilima shamba la hapa miaka kumi na mmoja na hakuna aliyesema majani yangu ni magumu, kwa sababu yalikuwa yenu. Mbona nilipovuna changu ndipo nikawa mgeni tena?"

"Nilipokuwa kibarua, sikuwa na ruhusa ya kuuliza swali hapa. Leo nina namba kama yako, Mzee Ombati. Nauliza. Kikapu changu kikimwagwa, kwa nini vingine visimwagwe?"

Mzee Ombati alikohoa. "Vimwagwe vyote," alisema. "Mwanzo changu."

Kikamwagwa. Kilikuwa na vijiti vingi kuliko cha mtu yeyote siku ile, na mwenyekiti alichuchumaa mwenyewe kuchambua. Yule kijana wa miiba alifungua mdomo kusema kitu, akakutana na macho ya Bibi Orpah, akaufunga.

Majani ya Nakiru yalipimwa kwa namba yake. Wiki iliyofuata kamati ilikutana. Makosa mawili ya nyuma yakafutwa, Haron akaondolewa kwenye ukaguzi, na wakulima wakachagua mtu wa kusimama mezani kukagua kila kikapu kwa kipimo kimoja. Walimchagua Mama Celestine. Mzee Ombati alilitamka jina hilo polepole, kama mtu anayelisoma mara ya kwanza.

Siku hiyo ya uchaguzi walirudi nyumbani na vikapu vitupu. Mama alikuwa bado na hasira, ilionekana katika hatua zake.

"Usidhani shamba limenipa heshima," alisema. "Heshima nilikuwa nayo hata nikiwa kibarua, wao ndio hawakuiona. Shamba limenipa mahali pa kusimama nikiidai. Kwa hiyo soma, ufanye kazi, ushike chako mkononi. Na ukishakishika usinyamaze, wala usikae kwenye benchi ukitazama kikapu cha mwenzako kikimwagwa."

"Ndiyo, Mama."

Baada ya maneno hayo Mama alitangulia, kisha akageuka kumngoja, kama kawaida yake. Celestine alikuwa hatua ishirini nyuma, kama kawaida yake. Miguu yake ilikuwa imezoea.

Alikimbia hatua zile zote ishirini. Alipofika alimshika mama mkono, ule wenye weusi wa utomvu, akautazama mkono huo ili asimtazame usoni.

"Mama, sikuwa nikichoka," alisema. "Nilikuwa nabaki nyuma ili watu wasijue kuwa wewe ni mama yangu."