Laini Alizoziacha Mangi

Jamaa zangu wa Kilifi, nisikizeni, tena mtu asinikatize.

Kwa Mangi na mkewe Damaris, hapa Bofa, asubuhi zilikuwa za raha. Mahamri na mbaazi mezani, mtoto wao Lewa akiimba, na kompyuta pembeni ikipokea simu za gari la wagonjwa la kikundi chetu cha kusaidiana. Mama akishikwa na uchungu Matsangoni, watu wake wanapiga. Programu aliyoiandika Mangi inashika simu na kumwita dereva. Tulijivunia sana.

Sasa niwaambie ubovu ulikuwa wapi. Kila simu ilifungua laini, na laini zenyewe zilikuwa chache. Simu ikiisha, programu yafaa iifunge laini papo hapo. Mangi hakuandika hivyo. Lugha ya kompyuta aliyoitumia ina mfagiaji wake wa ndani, anayeondoa kwenye kumbukumbu ya kompyuta vitu visivyotumika tena. Mangi akakiachia kila kitu kinachoshika laini wasia: mfagiaji akija kukuondoa, ndipo ufunge laini yako. Lakini mfagiaji yule huja kumbukumbu ikikaribia kujaa, na kumbukumbu ilikuwa tele. Laini zikawa zinaisha, mfagiaji hana habari.

"Baba Lewa, funga laini zako mwenyewe," Damaris alimwambia, maana naye ni fundi wa programu vilevile.

"Mfagiaji atafunga. Mbona wanisumbua?"

Basi Damaris akawa anaizima programu kila alfajiri na kuiwasha upya, kwani ikizimwa laini zote huachiliwa. Mume akadhani kazi yake haina dosari. Nyumba za namna hii mnazijua, msijifanye!

Damaris akaenda matangani Kakuyuni. Alimsihi Mangi aizime na kuiwasha kila siku. Mangi akacheka, asiiguse. Ndipo Idah wa Matsangoni akaanza kuvuja damu, mimba ya miezi minane. Mumewe Ngowa akapiga simu, akapiga tena na tena. Laini zote zilikuwa wazi bure, simu yake haikushikwa. Akampakia kwenye bodaboda, amemkumbatia mpaka hospitali. Idah alipona. Mtoto hakupona.

Damaris aliporudi, kikao cha kikundi kikaitwa. Mwenyekiti akaanza, "Ni mapenzi ya Mungu, tusilaumiane..."

Damaris akasimama. "La! Mungu msimsingizie. Ni uzembe wa nyumba yangu."

"Mama Lewa, keti, waniaibisha," Mangi akanong'ona.

"Siketi! Nimekustiri mpaka mtoto wa watu amekufa. Sikustiri tena. Simu nitazipokea mwenyewe kwa mkono mpaka kila laini ifungwe na aliyeifungua, simu iishe vizuri au ikatike vibaya."

Mwenyekiti akamwamuru atoke. Hakutoka. Wanawake wa Matsangoni wakasimama naye, nami nikasimama. Mangi akaletewa kompyuta, akaandika upya mbele yetu huku machozi yakimtoka, na Ngowa amesimama nyuma yake.

Funzo

Ulichokifungua, kifunge mwenyewe, hapo hapo kazi inapoisha. Usimwachie mfagiaji ambaye hujui atakuja lini, wala kama atakuja. Na wewe unayesafisha kimya kimya nyuma ya mzembe, acha. Unamfanya ajione hodari. Kuna wanaotuambia hadithi hii tuizime, yatosha. Hatuizimi. Atakaye tunyamaze na aende Matsangoni, akamwambie Idah kwanza.