Niulize Hata Kama Unajua

Ukumbi wa wagonjwa wa nje ulikuwa umefurika hadi mlangoni, na watoto walikuwa wakilia kwa kupokezana kama waliopangiana zamu. Sista alikuwa na bahasha za kaki zenye majibu ya wagonjwa kwapani na miguu inayowaka moto ndani ya viatu vyeupe. Aliporudi nyuma ya kaunta kutafuta kiti, alikanyaga kitu laini.

"Vidole hivyo, mama! Bado navihitaji!"

Kikachomoza kichwa kutoka chini ya meza, nywele zimenasa utando wa buibui. Kikafuatiwa na shati la bluu lililokunjwa mikono, kisha mwanamume mzima mwenye rundo la nyaya.

"Unatafuta nini chini ya meza yangu?"

"Naunganisha kompyuta, Sista. Mimi fundi wa mfumo. Hizo bahasha utazisahau."

"Mnaahidi hivyo tangu nikiwa chuoni."

"Mimi sijaahidi kitu. Mimi nimekanyagwa tu."

Sista alicheka bila kutaka, na kwa kuwa hakuwa amecheka kwa muda mrefu, kicheko kilimtoka kimepinda, kama mlango uliokaa bila mafuta. Fundi alikipenda hivyo hivyo.

Akawa anapata sababu za kurudi. Leo printa, kesho waya, keshokutwa hana sababu, amepita tu. Jioni Fundi alimpigia simu, na Sista aliipokea akiwa ameloweka miguu kwenye beseni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimechoka kutafuna."

"Basi nikusimulie kazi yangu, upate usingizi." Akamweleza tena, kwa sauti yake ya taratibu, jinsi hospitali zote zitakavyoonana. Mgonjwa akitibiwa mji huu, faili lake litafunguka mji ule kwa namba ya kitambulisho. Na ndani ya mfumo kuna akili mnemba inayosoma kila kitu na kumwonya daktari kabla hajakosea.

"Na daktari naye akichoka?"

"Hapo ndipo inafaa. Yenyewe haichoki."

"Heri yake," Sista alisema, akapiga mwayo.

Walipendana hivyo, kichovu. Walikaa kwenye benchi la kantini bila kusemezana sana, bega kwa bega, na hilo liliwatosha. Jambo moja tu Sista hakulisema. Kabla ya kuhamia mji huu aliwahi kuolewa, akajifungua, na mtoto hakukaa. Mawifi walianza kumtazama kwa huruma kama chungu kilichopasuka, mume akajifunza kutomtazama kabisa. Akaondoka na sanduku moja, akaja mahali ambapo hakuna aliyemjua, na akaapa hatahurumiwa tena.

Mchana mmoja, wakiwa mjini kutafuta viatu vya kazi, tumbo lilimkata Sista ghafla akajikunja barabarani. Fundi alimbeba hadi hospitali kubwa iliyokuwa jirani. Yaliyofuata Sista alisimuliwa, maana mwenyewe alikuwa akiweweseka kwa maumivu na homa. Kilikuwa kidole tumbo, kimeshapasuka. Daktari, kijana aliyekuwa kazini tangu jana yake, aliagiza sindano ya penisilini. Mara kompyuta ikawaka nyekundu na kulia: mgonjwa huyu ana mzio wa dawa hii, iliwahi kumfunga koo katika hospitali ya mji wake wa zamani. Wakabadilisha dawa. Wakampasua. Akaishi.

"Mfumo wako umeniokoa," alimwambia Fundi alipoamka, midomo imekauka.

Fundi hakujisifu hata kidogo. Alimlowesha midomo kwa pamba na kumtazama kwa namna ambayo Sista hakuielewa.

Baada ya hapo akawa mpole kupita kiasi. Wakikaribia duka la nguo za watoto, alimvusha barabara. Dada yake Fundi alipotania kwamba anasubiri kuitwa shangazi, Fundi alimkata kauli kwa ukali. Sista alidhani ni mapenzi yameongezeka, na kwa uchovu wake akayapokea bila kuyachunguza.

Siku ya kwenda kukaguliwa mshono, yule daktari kijana alimkuta peke yake.

"Mumeo hajambo? Siku ile alishtuka sana. Nilimuuliza kuhusu ule uzazi wako wa nyuma, nikamsomea kwenye faili, akabaki kama aliyemwagiwa maji."

Sista alijifunga vifungo vya blauzi polepole.

"Si mume wangu," alisema.

Daktari aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Mfumo unafungua kila kitu wakati wa dharura. Sikufikiri."

Sista alimpigia Fundi simu kutoka kwenye ngazi za hospitali, watu wakimpita pande zote.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na wiki zote hizi unanivusha barabara kama kipofu!"

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Ningekuuliza, ningekuwa nimekunyang'anya."

"Nilihama mji mzima, Fundi, ili mwili wangu usiwe na habari. Mfumo wako umenifuata, na wewe umekaa nao mezani mkinijadili. Sikutaka mtu mwingine wa kunihurumia. Wale wa kwanza walinitosha."

"Mpenzi, sikiliza..."

"Nimechoka kusikiliza. Usinipigie tena."

Akakata simu. Fundi alipiga tena siku kadhaa, kisha akaacha, si kwa kiburi, bali kwa kuwa aliambiwa asipige. Wakaja mafundi wengine kutazama nyaya. Sista aliamka, akafanya kazi, akaloweka miguu, akalala. Bahasha za kaki ziliisha kweli, na wagonjwa hawakubeba tena majibu yao kwapani. Hakuweza hata kuuchukia mfumo. Kila siku aliona mtu anapona kwa sababu yake.

Siku moja alikaa mbele yake mama mmoja mwenye presha, kilemba cha zambarau, pumzi fupi. Sista alifungua faili, akalisoma na kuanza kuandika bila kuinua macho.

"Hunihoji?" mama aliuliza.

"Yote yamo humu, mama. Usijichoshe."

"Limo kwamba niliacha dawa mwezi ule mume wangu alipofariki?"

Sista alitazama. Iliandikwa tu kwamba aliacha dawa. "Sababu haimo."

"Basi niulize, mwanangu, hata kama unajua. Mtu akiniuliza nami nikajibu, mzigo unakuwa wangu. Akiusoma tu, naona kama nimeibiwa. Ila nawe usikae kimya ukidhani nitafungua mdomo mwenyewe. Wengine tunangoja kuulizwa hadi tunakufa."

Sista alisogeza kioo cha kompyuta pembeni. "Pole kwa msiba, mama. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Foleni ilinung'unika. Akaiacha inung'unike.

Zamu ilipoisha alipiga namba ambayo hakuwa ameifuta.

"Kompyuta yangu imekufa," alisema.

"Siko tena kwenye hospitali yenu, Sista. Piga kituo cha huduma."

"Nimekupigia wewe."

Alikuja na shati lile lile la bluu, limechakaa kola, amekonda usoni. Wakakaa kwenye benchi la kantini, wahudumu wakipangusa meza.

"Inawaka," Fundi alisema, akimaanisha kompyuta ya Sista aliyoiona alipopita kaunta.

"Najua."

Akakuna shavu. "Nimekuwa nikienda kwenye vikao. Nimewaomba wazibe baadhi ya mambo. Mzio uonekane wakati wa dharura, dawa zionekane, lakini ya uzazi daktari amwombe mgonjwa ruhusa kwanza, na asiyasome mbele ya mtu. Nimebishana hadi sauti imenikauka."

"Wamekubali?"

"Nusu. Nusu nyingine wameniambia nirudi mwezi ujao."

Sista alitazama mikono yake. "Mimi nilitaka uniulize. Na ungeniuliza, ningekufukuza. Sikukuachia njia."

"Nami niliogopa, nikauita woga heshima." Akamgeukia. "Nikuulize sasa?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Ilikuwaje?"

Maneno yakaja, moja moja, kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi, na alishika kidole cha mama yake akakibana kweli kweli. Aliishi hadi alfajiri. Alikuwa na jina, ingawa hakuna aliyewahi kuliuliza. Sista akalitaja. Fundi akalirudia, akakosea silabi ya mwisho, Sista akamsahihisha, naye akalitamka tena sawasawa.

Fundi hakusema pole. Alitoa leso, na Sista aliipokea akalia bila sauti, hadi wahudumu walipoanza kupandisha viti juu ya meza.

"Fundi."

"Naam."

"Kama kuna jambo jingine unataka kuniuliza, hilo la kutuma wazee nyumbani, usiniulize leo. Leo nimechoka mno."

"Kesho je?"

Sista alifikiri, akavaa viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza. "Kesho niko zamu ya asubuhi. Njoo mchana."