Sahani ya Lengalenga Mbichi

Mpakani Kavimvira asubuhi, wabadilisha pesa wanaita, pikipiki zinapiga honi, na Laure wa Nyamianda, mshonaji mwenye kiuno cha kuchokoza watu, ameinamia shitingi lililotandikwa chini, vitabu vilivyochakaa juu yake. Aliposhika kitabu cha mapishi cha Kifaransa, mkono mwingine ulikuwa umeshika upande wa pili. Mkono wenye saa ya kung'aa, na marashi yaliyofika kabla ya mwenyewe.

"Mwanaume anatafuta nini mu kitabu ya mboga?" Laure akauliza.

"Mupishi."

Huyo ndiye Firmin, karani wa pale mpakani, viatu vyake vina ncha ya kutoboa tairi. Alikinunua, akampa. Nyumbani Laure alikuwa na vingine viwili, cha supu na cha biringanya, akivipenda kuliko dada zake. Lakini hiki, kilichopanga mboga mbichi kwa misimu yake, kikapanda juu ya vyote. Kila mchana simu ililia akiwa kwenye cherehani.

"Soma, chérie," Firmin akaomba.

"'Chagua majani machanga. Yaoshe polepole...'"

"Polepole namna gani?"

"Kuja nikuonyeshe."

"Muongo weye! Soma."

Mapenzi ya vitunguu hayo, usicheke, yaliiva. Mama Pétronille, mzazi wa Firmin, akatuma neno: anakuja kumwona binti. Na mama mkwe akija hivyo haangalii sura, anaangalia sufuria. Akiongeza chakula, ndoa ipo. Akinawa mikono mapema, imekwisha.

Laure alitaka kupika sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Firmin akakataa.

"Sombe kila muntu anapika! Tengeneza ile ya picha, majani mabichi na limau. Épinards za Wazungu hatuna, lakini ni masika, lengalenga, mchicha yetu ya kule Runingu, iko changa. Weka hiyo. Mama atashangaa."

Mama akashangaa kweli. Alikaa, kitenge kipya kikimetameta, akaitazama lengalenga ile isiyoonja moto, akainua jani moja kama mtu aliyekamata mjusi kwa mkia.

"Mutoto yangu, minye niko mbuzi? Uliona pembe?"

Mashangazi wa Firmin, aliokuja nao, wakaangua kicheko. Mmoja akalia, "Meee!" Laure akamkazia Firmin macho: sema basi, sema ni wewe. Firmin akatazama viatu vyake, kisha akacheka nao, tena kuwapita wote.

"Mama, nilimuambia apike sombe. Kichwa yake nguvu."

Mama akanawa mikono.

Mtaa mzima ukamwita Laure Mama Mbuzi. Wateja waliokuja kupimwa magauni walimletea majani kama zawadi. Firmin alipiga simu, ikalia, ikalia, Laure hakuishika. Mwishowe akaishika.

"Chérie, nisamehe. Pika sombe, mama atarudi. Nataka kukuoa."

"Aje na mashangazi."

"Kweli, roho yangu?"

"Balete bote."

Siku waliporudi, Laure alivaa kitenge cha rangi ya papai. Sombe aliitwanga mpaka ikalegea, akaipika kwa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani. Mama Pétronille akala, akaongeza, akaramba vidole.

"Huyu njo bibi ya mutoto wangu! Firmin, sema neno."

Firmin akasimama, akanyoosha tai, akaomba kumuoa mbele ya wote.

"Nitakujibu," akasema Laure, "lakini weye haujakula." Akamfunulia sahani yake peke yake: lengalenga mbichi, limau juu, imepangwa sawasawa na picha. "Kula yote. Ao ambia mama nani alinituma kuitengeneza siku ile. Ukisema, nakubali sasa hivi."

Alikuwa hatanii. Moyo wake, mpumbavu, ulikuwa unamwomba aseme.

Firmin akamtazama mama yake. Akachukua jani, akatafuna. Akachukua lingine.

"Meee!" akasema shangazi yuleyule.

Akatafuna mpaka jani la mwisho, limau likimchuruzika kidevuni na kulowesha tai. Laure alingoja mpaka akameza. Kisha akaleta beseni, akammiminia maji mikononi polepole, kama kitabu kilivyosema, na huku Mama Pétronille bado anaomba sombe nyingine.