Panya wa Jikoni na Konokono wa Mfukoni

Mtunga mikufu alirudi kutoka ufukoni na kapu la magamba ya konokono wa bahari. Gamba zuri kuliko yote, lenye umbo la koni, alikuwa amelitia katika mfuko wa aproni.

Mara panya mdogo akapita chini ya meza ya jikoni.

"Baba watoto! Panya!" alipiga kelele, akapanda kiti.

Mumewe, seremala, akaja na ufagio. "Mama watoto, kinyama kama kidole gumba ndicho kilichokupandisha kitini?"

"Cheka tu! Ana meno yule. Afadhali konokono wangu, hana hata jino." Alipapasa mfuko. "Tena yu hai, anatikisika."

Jirani yao, muuguzi mstaafu, alikuwa amefika mlangoni, akaiona ncha ya gamba ikichungulia mfukoni. "Mwanangu, ondoa mkono hapo!"

"Kuna nini, Mama Muuguzi?"

"Fungua aproni. Polepole. Usiubane mfuko."

Alizivuta kamba za aproni mgongoni. Fundo likagoma. Seremala aliutupa ufagio, akalikata fundo kwa kisu. Aproni ikaanguka. Kwenye ncha nyembamba ya gamba ukachomoza mrija, ukapapasa kitambaa pale mkono wake ulipokuwa.

"Ndani ya mrija huo mna jino kama sindano, lenye sumu," alisema muuguzi. "Mtu akichomwa huweza kushindwa kupumua. Dawa ya kuiua sumu hiyo hakuna. Hukimbizwa hospitali ili asaidiwe kupumua."

Mtunga mikufu alishuka, akaketi. "Na panya je?"

"Panya ana uti wa mgongo na damu ya joto, hunyonyesha watoto wake kama sisi. Konokono hana mfupa hata mmoja, naye hutaga mayai. Panya hukukimbia, lakini mkojo na kinyesi chake huharibu chakula. Konokono hakukimbii, ndiyo maana watu humshika."

Seremala aliibeba aproni kwa koleo refu, wakamrudisha konokono baharini. Kisha akaziba tundu la panya. Unga ukahamia kwenye mikebe yenye vifuniko. Kinyesi cha panya walikilowesha kwa maji ya sabuni kabla ya kukifuta, mikono imevaa glavu.

Wiki iliyofuata, mtunga mikufu alikwenda ufukoni na wenzake. Mmoja aliinama kuokota gamba lenye umbo la koni.

"Dada, usiliguse!"

Mwenzake alicheka, lakini aliligeuza kwa kijiti. Mrija ukachomoza.

Hakucheka tena. Wote wakarudi nyuma hatua tatu.