Jina Lililofumuliwa

Mtaa wa Makadara ulifurika watu wa sikukuu, kila mwanamke na doti yake ya leso akitaka ikatwe na kupindwa leo leo. Nasiha hakuinua uso kwenye cherehani mpaka kivuli kirefu kilipomfunika.

"Salaam aleikum, fundi. Na hiki utakipinda?"

"Wa aleikum salaam."

Aliona shati jeupe la afisi za bandarini na macho ya kucheka. Kisha akaona kitambaa, akayasahau macho. Kilikuwa kitani cha kale, rangi ya chai ya maziwa, kimedariziwa herufi zote za Kizungu kwa uzi mwekundu, na chini: Ellen, 1870.

"Hiki hakipindwi. Ellen ni nani?"

"Nyanyake babu yangu, Mwingereza. Alikuja na meli kufundisha wasichana kushona, akaolewa na mtu wa kwetu, asirudi tena. Jina la ukoo wake limepotea."

"Limepotea kwako. Niachie."

"Naitwa Thoya. Likipatikana nipigie."

"Nitakuita Bwana Haraka."

Bwana Haraka akaja kesho yake, na kesho kutwa, kila mara na kisingizio: kifungo, mfuko uliotoboka, kahawa ya tangawizi ya watu wawili. Mchana ukawa mrefu na mtamu, asumini ikinukia kutoka dirisha la ghorofani, na Nasiha akishona kama aliye ndani ya maji ya uvuguvugu.

Jumanne alikiinua kitambaa juani. Kando ya Ellen nuru ikapenya vitundu vya sindano, safu kwa safu. Mtu aliwahi kufumua hapo. Akafuata kwa kidole, herufi baada ya herufi: Garrod.

Moyo ukamruka. Alipogeuka, Thoya alikuwa kwenye kona, simu sikioni.

"Nikipata jina tu, mjomba, nasafiri. Barua iko tayari. Siwezi kukaa hivi tena."

Kumbe anakwenda kwao Ellen! Nasiha akakikunja kitambaa.

"Vipi, fundi wangu, umeliona?"

"Bado."

Siku sita alijifungia nyumbani, simu ikilia asiishike. Siku ya sita alichoka kuwa mwizi, akarudi kazini, akapiga yeye.

"Ni Garrod. Nenda salama kwa Wazungu wako."

"Wazungu gani? Ngoja hapo hapo!"

Alifika akihema, shati limemganda mgongoni.

"Nasafiri Kilifi, Nasiha, kumchukua mjomba alete barua ya posa kwa babako! Si mtaa mzima wajua mzee yule hatoi binti mpaka atajiwe nasaba, babu kwa bibi? Nikwame kwa Ellen, nianze kukohoa?"

Nasiha akajifunika uso kwa mtandio, akacheka mpaka machozi. Kisha akamtandazia kitambaa.

"Basi umwambie baba hivi pia. Angalia: hapana palipokatwa kwa wembe. Amefumua tundu kwa tundu, bila kuumiza kitani. Hivyo hufanya mwenye kazi mwenyewe. Hakulipoteza jina, alilivua. Alikuwa keshafika kwao."

Thoya akapitisha kidole juu ya vile vitundu.

"Nikurudishie uzi?" akauliza Nasiha.

"La. Paache alivyopaacha." Akainua macho. "Nawe ulilijua tangu lini?"

"Jumanne."

"Leo Jumatatu!"

"Sikutaka uende."

Uso wote wa Thoya ukacheka. Nasiha akavuta leso iliyofuata, akaweka mguu kwenye cherehani.

"Barua ilete Ijumaa," alisema bila kuinua uso. "Akitoka msikitini baba huwa mpole."